Kabla ya Kujaza Shahada ya Sheria

Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya mtihani mmoja. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi tunaiita Law School, waliofaulu bila kurudia somo lolote walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaambiwa safari yao imeishia hapo. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni. Lawama zilitupwa kila upande: vyuo vikuu, Law School yenyewe, shule za sekondari, simu za mkononi. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuhitaji kamati. Wote 633 walikuwa tayari na shahada ya sheria.

Nawakumbusha hayo vijana waliomaliza kidato cha sita kwa sababu wakati wa kujaza maombi ya chuo swali linalotawala nyumbani, iwe Ngaramtoni au Usa River hapa Arusha, ni kama pointi zinatosha. Kwa sheria, pointi ni sehemu nyepesi. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unahesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kima cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye pointi 4. Mwenye D mbili anazo. Juu ya hapo kila chuo huweka masharti yake, mara nyingi yakigusa ufaulu wa Kiingereza, na ushindani wa vyuo vikubwa hupandisha kiwango zaidi. Sheria haina tahasusi yake peke yake. Wa HGL na HKL ndio wanaotajwa zaidi, lakini nimeona waliotoka kwenye uchumi na hesabu wakifanya vizuri kuliko wao, maana wamezoea hoja inayopanda hatua kwa hatua bila kuruka.

Basi ugumu uko wapi? Uko kwenye kusoma. Watu hudhani sheria ni kuzungumza, na mtoto akiwa mbishi mezani utasikia shangazi anasema huyu ni wakili. Wabishi wapo wengi darasani na hawafiki mbali. Kazi ya mwanasheria ni kusoma maandishi marefu yaliyoandikwa na mtu mwingine, kutafuta sentensi tatu zenye uzito ndani yake, kisha kuandika kwa nini sentensi hizo zinamhusu mtu aliyekaa mbele yako. Sheria yetu imejengwa hivyo. Mbali na Katiba na sheria za Bunge, mahakama za Tanzania Bara zinatumia kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo hakuna sheria yetu na mazingira yanaruhusu. Zinafuata pia hukumu za mahakama za juu zilizotangulia. Kwa hiyo jibu la swali la ardhi ya Tengeru laweza kuwa kwenye sheria ya Bunge ya 1999, likafafanuliwa na hukumu ya mahakama ya juu, na hukumu hiyo nayo ikaegemea kanuni ya karne iliyopita. Mwanafunzi lazima azifikie zote tatu, kwa macho yake.

Nina kipimo ninachowapa vijana wanaokuja kuniuliza, na ni cha bure. Ingia kwenye TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu na sheria zetu, utafute shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Ni kesi ya huku kwetu. Akonaay na mwanawe walikuwa wakulima wa Kambi ya Simba, eneo ambalo leo liko Karatu, ndani ya Mkoa wa Arusha. Walipoteza ardhi yao ya kimila katika zoezi la kupanga vijiji, wakashtaki, wakashinda katika mahakama ya hakimu mkazi Arusha na kurudishiwa ardhi. Wakati rufaa bado inasubiri, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vya namna hiyo na kuzuia watu kwenda mahakamani kuzidai. Baba na mwana wakaishitaki sheria yenyewe. Mahakama Kuu Arusha iliwapa ushindi, Serikali ikakata rufaa, na jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali likaamua kwamba haki ya kimila ya kumiliki na kutumia ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki.

Ukisoma hukumu hiyo utaona jaji anavyopambana na swali ambalo babu zetu wangelitatua kwa hasira: kama ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, mkulima ana nini cha kunyang'anywa? Jibu lake halipatikani kwa sauti kubwa. Linapatikana kwa kuisoma historia ya sheria ya ardhi tangu ukoloni, neno kwa neno, na kwa kuuliza jasho lililomwagwa shambani lina thamani gani mbele ya Katiba. Soma yote, na kamusi pembeni. Halafu andika ukurasa mmoja kwa maneno yako mwenyewe: nani alimshitaki nani, ubishi ulikuwa nini, mahakama ilisema nini, na kwa sababu gani. Usinakili. Ukijikuta unarudi nyuma kuangalia kama umemwelewa jaji sawasawa, na hujachoka, wewe una dalili nzuri. Ukisinzia ukurasa wa pili, jua kwamba chuoni utapewa kadhaa za namna hiyo kila wiki kwa miaka minne, nyingine ndefu maradufu.

Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na hapa lazima niseme wazi. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, jambo nililolishangilia. Mteja wa Poli au Akheri ana haki ya kuelewa anachohukumiwa. Ila hazina ya hukumu za nyuma bado ni ya Kiingereza, mihadhara ya chuo ni ya Kiingereza, na majibu ya mitihani vilevile. Mwanafunzi mwenye akili kali anayeshindwa kupanga aya tano za Kiingereza safi atapata shida isiyolingana na akili yake. Miezi kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo ni mirefu kuliko inavyoonekana. Mtu anayesoma gazeti la Kiingereza kila siku na kuandika ufupisho wa habari moja ataingia mwaka wa kwanza akiwa mtu tofauti. Siwaambii mkalipie kozi. Magazeti ya jana yako kwenye kila kibanda cha kinyozi.

Sasa hesabu ya miaka, ambayo wazazi wengi hawaifanyi mpaka mwisho. Shahada ya kwanza ya sheria katika vyuo vingi vyetu ni miaka 4. Baada ya hapo kuna Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Ni mwaka mmoja, Dar es Salaam, ukiwa na masomo na mazoezi katika mahakama na ofisi za sheria. Ukifaulu, unaomba kukubaliwa kuwa wakili na kuapishwa na Jaji Mkuu. Kijana wa miaka 19 leo, asiporudia kitu chochote, atavaa joho akiwa na 24 au 25. Na usidhani Law School ni ya wanaotaka uwakili wa kujitegemea peke yao. Soma matangazo ya ajira za serikali: hakimu mkazi, wakili wa serikali, afisa sheria wa halmashauri, karibu yote yanadai cheti cha mafunzo hayo ya vitendo. Shahada bila hicho cheti inakupa elimu nzuri, na watu wameitumia katika benki, rasilimali watu, uandishi wa habari na siasa, lakini milango ya mahakama inabaki imefungwa.

Suala la fedha linafuata hapo hapo. Miongozo ya Bodi ya Mikopo kwa muda mrefu imetanguliza fani za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi, kwa hiyo mwombaji wa sheria asipange maisha yake yote juu ya mkopo wa asilimia mia. Soma mwongozo wa mwaka wako, pamoja na unavyosema kuhusu mwaka wa Law School.

Chuo gani? Hapa sitakawia. Sheria ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kikuu nchini: Oktoba 1961, Dar es Salaam, wanafunzi 13, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Jina la kitivo hicho lina uzito hadi leo, kama lilivyo la Mzumbe. Lakini mtoto wa Arusha ana Makumira palepale njia ya Moshi, taasisi iliyoanza kama chuo cha theolojia cha Kilutheri na sasa inafundisha sheria, na Chuo Kikuu Huria kina kituo mjini kwa wanaofanya kazi. Kulala nyumbani kunaokoa fedha nyingi. Kokote uendako, kwanza thibitisha kwamba programu imo kwenye orodha ya TCU, kisha uliza maswali ambayo vipeperushi havijibu: walimu wa kudumu wa sheria ni wangapi, maktaba inafungwa saa ngapi, wanafunzi hufanya kesi za mazoezi mara ngapi, na wahitimu wa miaka ya karibuni wamefanyaje Law School. Chuo kinachokwepa swali la mwisho kimeshakujibu.

Arusha ina kishawishi chake cha peke yake. Mtoto aliyekulia hapa ameona bendera za mataifa na magari yenye namba za kidiplomasia tangu akiwa chekechea. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Ilifungulia mashitaka watu 93, na hukumu yake ya Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Taasisi iliyorithi kazi zake iko Lakilaki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko barabara ya Dodoma, na ile ya Afrika Mashariki iko makao makuu ya Jumuiya. Ni heshima kwa mji. Kama mpango wa ajira, hata hivyo, ni mwembamba sana: nafasi ni chache, zinagombewa na bara zima, na huombwa na watu wenye shahada ya uzamili, miaka ya kazi na mara nyingi Kifaransa. Augustino Ramadhani alifika kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika baada ya kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Faida yako wewe wa miaka 19 ni nyingine. Vikao vya wazi unaweza kuingia na kusikiliza. Katika mji huu ndipo Mahakama ya Afrika iliposoma, Juni 2013, hukumu ya shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kuhusu mgombea binafsi, na nchi yetu ikashindwa. Wanafunzi wa nchi nyingine husafirishwa kuja kuyaona haya.

Kazi ya kweli ya mawakili wengi wa hapa iko chini ya Mlima Meru: vihamba vilivyogawanywa mpaka mipaka ikawa mgomba kwa mgomba, mirathi isiyo na wosia, mikataba ya kampuni za utalii, madai ya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Na msidhani ni kazi ndogo. Novemba 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kupisha mashamba ya walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kwa msaada wa wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hawakuwa na jeshi wala fedha. Walikuwa na ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, iliyoruhusu wakazi wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko, na Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mtu alikuwa ameusoma mkataba ule mpaka ndani. Kwenye Baraza Kuu kura za theluthi mbili hazikutimia na ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Wameru walikuwa wamesikilizwa na dunia, na siasa za Tanganyika zilipata somo.

Kama moyo wako uko kwenye kusaidia watu lakini kurasa zinakushinda, zipo njia nyingine za heshima. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina cheti na stashahada ya sheria, na stashahada yenye ufaulu mzuri hukurudisha kwenye mlango wa shahada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na vijijini hao ndio huonwa kwanza.

Dirisha la maombi likifunguliwa, usiwe na haraka ya kuthibitisha chuo. Nenda Mahakama Kuu Arusha asubuhi moja, vaa kwa heshima, zima simu, keti nyuma usikilize mashauri mpaka mchana, yakiwemo yale ya kuchosha. Jioni fungua hukumu ya Akonaay. Ikiwa kesho yake bado unaitaka kazi hii, weka sheria chaguo la kwanza na usisikilize anayekukatisha tamaa. Nawe mzazi, ada ya mwaka wa tano, ule wa Dar es Salaam, anza kuiweka sasa.