Kupanga Njia za Anwani katika Programu ya Wavuti

Makusudi ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo jinsi anwani zinavyopangwa ndani ya programu ya wavuti, na jinsi jambo hilo linavyoweza kufundishwa hata pale ambapo darasa zima lina kompyuta moja, au halina kabisa.

1. Maana ya njia

Tuanze na jambo lililo karibu na wanafunzi wetu. Barua iendayo Lizaboni, hapa Songea, haitafutiwi mwenyewe nyumba kwa nyumba nchi nzima. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano: ya kwanza huonyesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Karani aonapo 57 mwanzoni hujua kwamba barua ni ya Mkoa wa Ruvuma, wala haangalii mikoa mingine tena.

Anwani ya wavuti hufanya kazi inayofanana na hiyo. Jina la tovuti huyafikisha maombi kwenye seva. Sehemu inayofuata jina hilo huieleza programu ni kazi gani inayotakiwa. Uhusiano huo kati ya anwani na kazi ndio tunaouita njia.

2. Orodha ya njia

Kiunzi ni programu ya msingi ambayo juu yake mtunga programu hujenga kazi zake. Tuchukue Django, kiunzi cha lugha ya Python kilichotolewa kwa umma mwaka 2005. Django husoma orodha ya njia kutoka juu kwenda chini, na husimama kwenye njia ya kwanza inayolingana na anwani iliyoombwa. Isipopata hata moja hujibu kwa namba 404, yaani kilichoombwa hakikuonekana.

Tuseme shule ina daftari la wanafunzi katika kompyuta, lenye njia hizi mbili:

wanafunzi/mpya/ : kuandikisha mwanafunzi
wanafunzi/<jina>/ : kuonyesha habari za mwanafunzi

Njia ya pili hupokea neno lolote mahali pa jina. Ikiwekwa juu, mwalimu anayetaka kuandikisha mtoto ataambiwa kwamba hakuna mwanafunzi aitwaye Mpya, na fomu haitafunguka kamwe. Basi njia mahususi na itangulie njia ya jumla.

3. Kanuni nyingine

(a) Njia zipangwe kwa mafungu. Wanafunzi, madarasa na maktaba kila moja iwe na orodha yake, na orodha kuu ielekeze tu kwenye mafungu hayo. Anayerekebisha mambo ya maktaba hatagusa ya wanafunzi.

(b) Anwani isibadilishwe ovyo. Wazazi huinakili na walimu huiandika katika maandalio ya masomo. Ikilazimu kubadilishwa, njia ya zamani ijibu kwa namba 301, ambayo maana yake ni kwamba ukurasa umehama moja kwa moja, na itaje anwani mpya.

(c) Anwani si kufuli. Mzazi anayefungua matokeo/17/ aweza kuandika 18 badala yake. Ikiwa programu haikagui ruhusa, ataona alama za mtoto asiye wake. Ukaguzi huo hauna budi kufanywa kila mara maombi yanapopokelewa. Kanuni hii twaisisitiza kuliko zote, kwa kuwa siri ya mtoto ikishatoka hairudi.

4. Kufundisha bila kompyuta

Mwalimu aandae kadi za anwani na orodha ya njia ubaoni. Mwanafunzi mmoja awe kivinjari, mwingine awe karani wa njia, na wengine watatu wawe kazi: kuandikisha, kuonyesha, kufuta. Kivinjari hutoa kadi. Karani husoma orodha kutoka juu, kisha huikabidhi kwa mhusika wa kwanza anayelingana. Baadaye mwalimu abadilishe mpangilio wa orodha na kuwauliza wanafunzi: kwa nini kadi ileile sasa imefika kwa mtu mwingine? Wakiweza kujibu kwa maneno yao wenyewe, somo limeeleweka.

Zoezi

Andika njia sita za maktaba ya shule ya msingi. Zipange kwa utaratibu ufaao, kisha ueleze ni zipi zinazohitaji ukaguzi wa ruhusa, na kwa sababu gani.