Kwanza Ongeza, Halafu Punguza: Njia ya Polepole ya Kuacha Nyama



Katika vikundi vyetu hapa Kisii na Nyamira swali hili linarudi sana. Mama ana presha, ameambiwa na daktari apunguze nyama ya mafuta. Mzee ana gauti, kidole cha mguu kinamuuma usiku kucha. Nyumba nyingine imeshindwa tu na bei ya bucha. Wote wanauliza: mtu anaweza kuacha nyama akaishi kwa mboga na asidhoofike?

Anaweza. Lakini asikurupuke.

TAZAMA SAHANI YAKO

Tuseme ukweli. Nyumba nyingi za kijijini hazili nyama kila siku. Nyama ni ya Jumapili, ya mgeni, ya mahari na ya matanga. Siku zingine ni ugali, sukuma wiki na chai. Basi mtu atasema, "Sisi tayari ni watu wa mboga." Sivyo! Ugali na sukuma unashibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili vya kutosha. Ukiondoa hata ile nyama kidogo na usiweke kitu mahali pake, watakaoumia kwanza ni mtoto mdogo, mama mjamzito na mama anayenyonyesha.

Kuna jambo lingine ambalo hatupendi kulitaja. Katika boma nyingi nyama ikiiva, baba anapewa vipande na watoto wanapewa mchuzi. Wengine wanamaliza yao huko huko sokoni siku ya soko. Pesa ya nyama ya mtu mmoja ingenunua maharagwe ya nyumba nzima.

Kwa hivyo shikeni kanuni hii: KWANZA ONGEZA, HALAFU PUNGUZA.

NINI KITACHUKUA MAHALI PA NYAMA?

Nyama inatupa vitu vitatu vikubwa. Kila kimoja tukitafutie mahali.

1. Protini, yaani ya kujenga mwili. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini kama gramu 21. Nyama mbichi ya ng'ombe ina karibu hivyo hivyo. Maharagwe peke yake yana upungufu kidogo, na mahindi au wimbi yana upungufu wa namna nyingine. Vikiliwa pamoja, kimoja kinajaza cha mwenzake. Ndiyo maana mahindi na maharagwe ni chakula cha maana, si chakula cha maskini. Ongeza kunde, ndengu, soya na njugu. Njugu zilizoota ukungu au kubadilika rangi tupa, zina sumu ya kuharibu ini.

2. Madini ya chuma, ya kuongeza damu. Hapa mboga za kienyeji zinatusaidia: chinsaga, rinagu, emboga, egesare. Mama zetu walijua kumpikia mzazi chinsaga baada ya kujifungua. Lakini chuma cha mboga hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama, na sisi tuna mwizi wetu anayekizuia: CHAI. Tunaichuma, tunaipenda, na tunaiweka mezani pamoja na chakula. Mwenye kupunguza nyama akunywe chai yake saa nzima kabla ya chakula au saa nzima baadaye. Pamoja na chakula ale pera, chungwa, au akamulie ndimu kwenye mboga. Hivyo vinafungulia chuma mlango. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, na unga wa uji uchachushwe. Hiyo pia inasaidia.

3. Vitamini B12. Hii haimo katika mboga wala maharagwe. Inatoka kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai. Anayeacha nyama lakini anakunywa maziwa na kula mayai kila mara kwa kawaida atakuwa salama. Anayeacha vyote lazima apate vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, lakini unga unaosaga mwenyewe kwa posho mill hauna nyongeza hiyo. Upungufu wa B12 hauonekani upesi. Unaweza kuchukua miaka, halafu mtu anaanza kusikia ganzi mikononi na miguuni.

HATUA KWA HATUA

Mwezi wa kwanza: Usiondoe kitu. Ongeza maharagwe au kunde siku 3 kwa wiki, na mboga ya kienyeji siku 3. Tenganisha chai na chakula.

Mwezi wa pili: Chagua siku moja ya nyama uibadilishe. Wakatoliki tuna mahali pa kuanzia, maana Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Endeleza Ijumaa hiyo baada ya Pasaka. Siku zingine, kilo moja iwe nusu kilo, upike pamoja na ndengu.

Mwezi wa tatu: Nyama mara moja kwa wiki. Omena na mayai vishike nafasi, na kwa watoto wadogo msiviache.

Mwezi wa nne na kuendelea: Mtu mzima mwenye afya anaweza kuacha nyama kabisa akitaka. Mwenye sukari, gauti, ugonjwa wa figo au mimba aongee kwanza na daktari au nesi. Mwenye gauti hasa aulize kuhusu omena, kwa sababu nayo inaweza kuamsha maumivu. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Ukiona uchovu usioisha, viganja vyeupe au pumzi kukatika ukipanda mlima, nenda ukapimwe damu. Usingoje.

WAKO WALIOTANGULIA

Majirani zetu Wasabato wengi wanajua njia hii. Kanisa lao linashauri chakula cha mimea ingawa halimlazimishi mtu. Waulizeni wanavyopika, si dhambi kujifunza kwa jirani. Na yuko Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyekulia Magharibi mwa Kenya. Akiwa mtoto mwili wake ulikataa maziwa ya ng'ombe, samaki na mayai ya aina fulani, madaktari wakamshauri aishi kwa mboga. Akaja kuwa mtafiti wa mboga hizo hizo za kienyeji katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na mwaka 2010 akatunukiwa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah ya Umoja wa Afrika.

SHAMBA NI DOGO, TUFANYEJE?

Chinsaga haitaki ekari. Kipande karibu na zizi penye samadi kinatosha, na baada ya wiki 4 hivi unaanza kuchuma. Ikitoa maua mapema, kata ncha iendelee kutoa majani. Acha miche michache ikomae kwa mbegu. Mbegu mpya huota vibaya, zihifadhi miezi mitatu au zaidi kabla ya kupanda. Uchungu wake upunguze kwa maziwa au kwa kuichanganya na emboga au enderema. Ukimwaga maji ya kuchemshia unamwaga na vitamini. Na kabla hujapeleka mafungu yote sokoni, toa kwanza fungu la nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Wiki iliyopita, nani nyumbani kwako alikula nyama, na nani alipata mchuzi?
2. Linganisheni bei ya kilo moja ya nyama na gorogoro moja ya maharagwe katika soko lenu. Kila moja inalisha watu wangapi, mara ngapi?
3. Kikundi chetu kinaweza kuweka mbegu za mboga gani kwa pamoja, na nani atazitunza?

Mjadili na wazee wakiwepo, si akina mama peke yao.