Usichome Mabua: Udongo Mgonjwa Nao Wataka Chakula

Mama atoka asubuhi kutazama nyanya zake. Jana zilisimama vizuri. Leo zimelegea kama zilizomwagiwa maji ya moto, na majani bado mabichi. Ada ya shule ya watoto ilitegemea nyanya zile. Kisha jirani aja kumnong'oneza kwamba amerogwa.

Hapana, mama. Kata shina moja karibu na mizizi, ulitie katika gilasi ya maji safi, ungoje kidogo. Ukiona kitu cheupe kama maziwa chashuka polepole majini, hao ndio wachawi wako: bakteria wa mnyauko. Nao hukaa udongoni miaka mingi.

Lakini hawakai peke yao. Katika udongo unaojaa kijiko kimoja mna mamilioni ya vijidudu, na vilivyo vingi havitudhuru. Dawa ya streptomisini, iliyoponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kijidudu cha udongo, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani. Vijidudu vyema hushindana na vibaya, huvinyang'anya chakula na mahali pa kukaa, na vingine huvitilia sumu.

Basi, vyakula vyao ni nini? Ni mabua, majani ya mpunga, maganda ya maharagwe. Nasi kila mwaka twavitia moto!

Huko Japani wakulima huchanganya pumba za ngano na udongo wenye ugonjwa, kilo moja hivi kwa kila mita ya mraba, huloweka maji, kisha hufunika kwa plastiki majuma matatu wakati wa joto. Vijidudu hula mpaka hewa yaisha. Ndipo huja vile visivyotaka hewa, navyo hutoa asidi, mojawapo ni ile ya siki. Vijidudu vingi vya ugonjwa hufa humo.

Sisi wenye mabua tu tusitazamie kazi ya haraka hivyo. Mabua huoza polepole. Tena yana hila yake: vijidudu vikiyala huhitaji naitrojeni, na vikiikosa huichukua udongoni, mahindi yakageuka manjano. Kwa hiyo yakatekate, yachanganye na samadi, uyafukie miezi miwili kabla ya kupanda.

Mashina ya nyanya zilizonyauka ni habari nyingine. Hayo yang'oe na mizizi yake, uyachome mbali na shamba. Wala usipande hapo viazi mviringo, biringani au pilipili, maana ni ndugu wa nyanya. Panda mahindi kwanza.