Akishindwa Mtihani, Je, Hana Akili?

Matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi yanapotoka, katika vijiji vya Shinyanga na Geita husikika neno moja: "Huyu hana akili, aende machimboni." Basi mtoto hukabidhiwa karai, akaanza kuosha mchanga wa dhahabu na kushika zebaki. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, tujiulize: akili ni kitu gani? Wataalamu wa saikolojia wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kuwa mwanafunzi anayefaulu somo moja mara nyingi hufaulu na mengine. Akasema iko akili moja ya jumla, kama chemchemi inayolisha mifereji yote. Mwaka 1905 Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Binet hakukusudia kiwe hukumu ya maisha. Aliamini kuwa akili huweza kukuzwa kwa mafunzo.

Mwaka 1983 Mmarekani Howard Gardner alisema akili ni za aina saba, zikiwemo za lugha, hesabu, muziki, matumizi ya mwili na kuwaelewa wenzetu. Wapo wanaompinga, wakisema hivyo ni vipaji tu na ushahidi wake ni mdogo. Mwaka 1985 Mmarekani mwingine, Robert Sternberg, alitaja tatu: ya kuchambua, ya kubuni, na ya kutenda katika maisha ya kila siku. Mtoto wa Kisukuma anayemtambua ng'ombe aliyepotea katika kundi kubwa anatumia hiyo ya tatu, ingawa haimo katika mtihani.

Sternberg na wenzake walifanya uchunguzi huku kwetu Afrika Mashariki. Katika kijiji cha Wajaluo nchini Kenya, watoto waliojua vizuri dawa za mitishamba hawakuwa wale waliofanya vizuri katika majaribio ya msamiati wa shuleni. Matokeo yalielekea kuwa kinyume (2001). Karibu na Bagamoyo, watoto walipewa maswali ya kufikiri, wakafundishwa kwa muda mfupi mbinu za kuyajibu, kisha wakapimwa tena. Wengi walipanda, na mpangilio wa wa kwanza na wa mwisho ukabadilika sana (2002). Yaani kipimo cha mara moja kilikuwa kimeficha uwezo wa baadhi yao.

Nadharia hizi hazijapatana, lakini akili iwe moja, tatu au saba, makao yake ni ubongo. Nasi wauguzi tunasisitiza: zebaki huharibu ubongo. Dhahabu inapochomwa, mvuke wa zebaki huingia mwilini kwa njia ya pumzi. Kwa mama mjamzito humfikia hata mtoto tumboni. Basi tukimpeleka machimboni mtoto tunayedhani hana akili, tunaihatarisha ile aliyo nayo.

Tufanye nini?

1. Tusichome dhahabu nyumbani wala jikoni. Watoto na wajawazito wakae mbali kabisa.

2. Tusimpeleke mtoto mgodini. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri huko aliye chini ya miaka 18.

3. Tutumie chumvi yenye madini joto, tuwalaze watoto ndani ya chandarua, na watibiwe kichocho na minyoo.

4. Aliyeshindwa mtihani achunguzwe macho na masikio. Kisha afundishwe polepole na kupimwa tena, au atafutiwe chuo cha ufundi kinacholingana na kipaji chake.

Mtihani hutuambia mtoto alijibu nini siku ile. Hautuambii atakayoweza kesho, akifundishwa na ubongo wake ukilindwa.