Saa kumi za msumeno

Kwenye ncha moja ya kimondo cha Mbozi, katika tani zake zipatazo 16, pana sehemu bapa iliyonyooka kuliko kitu chochote kinachoizunguka. Ni alama ya msumeno. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mjiolojia wa serikali ya kikoloni, D. R. Grantham, alitaka sampuli. Kikakatwa kipande cha sentimita 10 hivi kwa msumeno wa chuma wa mkono, wa kawaida kabisa. Ilichukua saa 10.

Saa hizo zilinikaa rohoni mpaka nikazipeleka Tunduma, kwa fundi mzee anayechomelea chesisi za malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Alizima grenda anisikie.

“Saa kumi jioni?”

“Hapana, fundi. Saa kumi nzima za kukata.”

Akauliza kimondo kina nini ndani. Chuma kama asilimia 90, nikeli zaidi ya 8.

“Basi kinanata, mwanangu. Unga wake unaziba meno, msumeno unabaki kuteleza.”

Akabana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akakagua bledi: meno yatazame mbele. Ukisukuma, kandamiza, ukirudisha, legeza, maana meno hufa kwenye safari isiyokata. “Na usikimbize. Bledi ikipata moto, imekwisha.” Akadondosha tone la oili, akasukuma polepole, akiitumia bledi yote mwanzo hadi mwisho. Unga wa kijivu ulimwagikia kiatu chake. Baada ya dakika kadhaa mfereji ulitosha kushika ukucha tu, na shingo yake ilikwisha lowa.

Kwa nini si gesi, nikauliza. “Gesi inakiunguza chuma kwa oksijeni. Nikeli ikizidi, mkato unaharibika, unabaki makovu.” Tena moto ungevuruga fuwele zilizokua ndani ya kimondo kikipoa taratibu kwa mamilioni ya miaka, nazo ndizo wataalamu huzitafuta. Mkono ulikuwa heri.

“Ila hujaniambia,” akasema, akipangusa bledi kwa kitambaa, “aliyesukuma ni nani? Bwana mwenyewe, au vijana wa pale?”

Nikamjibu kwamba jina linalotajwa ni la Grantham.

“Mtu mmoja, saa kumi? Bega linakataa. Lazima walipokezana.” Akanyamaza kidogo. “Na bledi ngapi ziliishia pale?”

Dereva alikuwa akimwita. Akafungua jiliwa, akanipa kile kipande na mfereji wake, akawasha grenda.