Mapera ya Kiwanjani

Mjini Lubumbashi, mvua zinapokaribia kwisha, harufu ya mapera hujaa katika viwanja vingi. Matunda huanguka na kupasuka, nzi huyakusanyikia, na mwenye nyumba huyafagia pamoja na majani makavu. Juma lile lile mama wa nyumba hiyo hutoa fedha dukani kununua konfitiri iliyotoka nchi za mbali. Tumeliona jambo hili mara nyingi, wala halitupendezi.

Lakini si hasara ya fedha tu iliyotufanya tushike kalamu. Akina baba wengi hutoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto wa miaka minne humjua baba yake kama mgeni anayekuja kulala. Kuchuma mapera ni kazi nyepesi, iliyo karibu na mlango, nayo yaweza kuwakutanisha wawili hao asubuhi nzima. Ila yafaa iwe kazi ya kweli. Mtoto hutambua upesi sana kikapu alichopewa ili anyamaze.

Kwetu, kitinda mimba hupewa matawi ya chini, kwa maana mpera si mti mrefu, na matawi yake mengi huinama hata mkono mdogo huyafikia. Kupanda haruhusiwi kabisa. Gome la mpera ni laini, nalo likiloa huteleza kama samaki. Kwa matawi ya juu sisi hutumia fito ndefu yenye ndoana na mfuko wa kitambaa, tunda lisije likaanguka na kuchubuka. Yeye hulipokea, hulinusa, kisha huamua liende kikapu gani.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Pera la manjano lenye kunukia ni la kuliwa leo. Lile lililokomaa lakini bado gumu, lenye rangi iliyo kati ya kijani na manjano, ni la sufuria, kwa sababu lina pektini nyingi, yaani kile kigandishacho konfitiri. Lililoiva sana lina utamu na harufu, lakini pektini yake imepungua. Kwa hiyo twachanganya yote mawili, magumu yakizidi kidogo.

Kikapu cha tatu ni cha yaliyooza na yenye matundu, nacho chataka maelezo. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa kwanza katika Afrika nchini Kenya mwaka 2003, ameenea katika nchi nyingi za bara letu. Jike hutaga mayai chini ya ganda. Funza hula ndani, kisha huingia udongoni na kutoka huko akiwa nzi. Ayafagiaye mapera hayo na kuyatupa jalalani amewafuga nzi wa mwaka ujao. Yafungwe katika mfuko wa plastiki usiopenya hewa, uachwe juani siku kadhaa.

Tulipomweleza mtoto haya, aliuliza: «Baba, funza naye ana mama?» Tukajibu kwamba anaye, naye ndiye tunayemzuia. Alinyamaza kitambo, kisha akaendelea kuokota, polepole zaidi.

Sasa tuingie jikoni. Mapera kilo mbili yaoshwe (kazi hii ni ya mtoto, na maji yatamwagika, yasiwe neno), yakatwe, yatiwe maji ya kuyafunika tu, yachemke nusu saa hata yalainike. Kisha yasuguliwe katika chujio ili mbegu zibaki. Wako wanaochuja kwa kitambaa wapate maji meupe ya kugandisha, lakini katika nyumba yenye watoto wengi huo ni upotevu. Kwa kila vikombe vinne vya rojo tia vikombe vitatu vya sukari na maji ya ndimu moja. Mtoto na ahesabu vikombe kwa sauti.

Tangu hapo akae mlangoni, mbali na mbabula. Konfitiri ichemkayo huruka, tena hushikamana na ngozi, nayo huunguza kuliko maji. Koroga bila kuacha. Dondosha tone juu ya sahani baridi. Ukilisukuma kwa kidole nalo likakunjamana, imekuwa tayari. Itiwe ingali moto katika chupa za kioo zilizochemshwa. Huko Brazil, katika bara lile la Amerika ambako mpera ulianzia, huendelea kuipika hata iwe ngumu ya kukatwa kwa kisu, nao huila pamoja na jibini.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba konfitiri ni dawa. Gramu 100 za pera lisilopikwa zina kadiri ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa. Moto huharibu sehemu yake, na sukari ni sukari. Watoto washibe kwanza kikapu cha manjano.

Mwaka huu tulipata chupa saba. Ya kwanza ilikwenda kwa bibi jirani asiye na mti. Mtoto aliichukua mwenyewe kwa mikono miwili, mama yake akimfuata nyuma. Bibi alipouliza ni nani aliyepika, alijibu: «Tulipika mimi na Baba. Mama alitusaidia.»