Sifa za Bosi Haziingii Kwenye Ikama

Kila Mei Mosi, mfanyakazi hodari huitwa jukwaani, akakabidhiwa cheti na bahasha, na wenzake wakampigia vigelegele. Mwaka unaofuata huitwa mwingine. Sina ugomvi na desturi hiyo. Aliyetumika vizuri ashukuriwe. Shida huanza pale mtumishi anapoamini kwamba bosi akishamwona, cheo kitafuata chenyewe.

Katika utumishi wa umma Tanzania, kupanda cheo hutaka mambo kadhaa yakutane: sifa zilizoandikwa kwenye muundo wa utumishi wa kada yako, utendaji uliopimwa, nafasi iliyo wazi kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa), na fedha ya mshahara mpya kwenye bajeti. Mkuu wako ana sauti kubwa kwenye utendaji. Mengine mengi huamuliwa ngazi za juu yake. Mwaka 2016, Serikali iliposimamisha upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, waliosifiwa na wasiosifiwa walisubiri pamoja. Wapo waliomnunia bosi kwa cheo ambacho hakuwa na uwezo wa kuwapa.

Hata upimaji wenyewe umebadilika. Zamani tathmini ilikuwa taarifa ya siri: mkuu anaandika, wewe husomi. Aliyejikomba kwa bosi enzi hizo alikuwa na sababu. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, tathmini ya wazi iliyotaka mtumishi na msimamizi wakae, wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati na kuyapima mwishoni. Kwa maandishi ilikuwa nzuri. Maofisini, fomu nyingi zilijazwa harakaharaka ili jalada likamilike tu. Sasa tunao mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, na humo mtumishi mwenyewe huingiza kazi zake na hatua aliyofikia, kisha msimamizi anathibitisha. Wanaoulalamikia mfumo huo siku mtandao unaposumbua wana haki yao, ila wasisahau kwamba kalamu wameshikishwa wao. Anayejaza “kuhudhuria vikao” amejipunja. Anayeandika kwamba malipo ya wazabuni yaliyokuwa yakichukua siku 40 sasa yanatoka ndani ya siku 15, akataja na jalada lenye ushahidi, amesema jambo ambalo hata mkuu aliyeripoti jana atalielewa.

Na wakuu wanahama. Sifa ya mdomo haina jalada. Siku bosi anapofungasha mizigo, nayo inaondoka naye.

Lipo na dhara la polepole. Anayefukuzia sifa huchagua kazi zinazoonekana: kupokea wageni, kusindikiza ziara, kushika kipaza sauti. Akiwa mhasibu, usuluhishi wa hesabu za benki anamwachia mwenzake. Lakini huo ndio utakaomsaidia kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, na cheti chake cha CPA hakisainiwi na bosi wa ofisini.

Nje ya utumishi wa umma, fundi wa gereji hana PEPMIS wala ikama. Huyo, mamlaka ya ufundi stadi, VETA, inao utaratibu wake wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa anachokijua, anafundishwa pale palipopungua, anapewa cheti. Na aliyeajiriwa kwa mkataba akumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi. Wengi hukumbuka kukidai wakati ofisi imeshafungwa au mwajiri hapatikani tena.

Bosi bado ana kazi kwako, ila si ile ya kukupigia makofi. Ukipata nusu saa naye, usiimalize kwa kuchungulia kama ameridhika. Muulize muundo unadai nini ambacho wewe huna, ni nafasi gani zitaombewa kwenye ikama ya mwaka ujao wa fedha, na kama jina lako limo kwenye mapendekezo ya kupandishwa. Hilo la mwisho liulize mapema, bajeti ikiwa bado inaandaliwa. Ikifika Julai umechelewa mwaka mzima.